Tundu Nililolidharau

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitazama sidii kama mnunuzi anavyoitazama pishi ya mchele iliyopimwa kwa hila: duara la plastiki lenye upana wa milimita 120, ambalo katikati limetobolewa tundu la milimita 15, nami kwa ujinga wangu nikadhani kwamba hapo ndipo mtengenezaji alipotupunja.

Dhana hiyo iliniponza siku ami yangu, mtu wa staha na maneno machache, aliponiazima sidii yenye sauti za nikahi ya bintiye, akanitaka niitunze kama amana. Nilipofungua kasha, badala ya kubonyeza vile vijino vilivyoishika tunduni, jambo ambalo lingeiachia bila ya taabu, niliikamata ukingoni kwa kucha, nikaivuta kwa nguvu za mtu ang'oaye muhogo katika ardhi kavu. Nayo ikapinda kama upinde, ikafyatuka, na kabla sijamaliza kusema "Yarabi", ilikwisha kubingirika hadi mvunguni mwa kitanda, ikalala kifudifudi juu ya mchanga.

Niliitoa, nikatwaa pindo la kanga, nikaisugua kwa kuzungusha mkono, duru baada ya duru, kama asuguaye sufuria iliyoungua, huku nikijisifu kwa usafi wangu. Laiti ningalijua kwamba sauti zimepangwa humo katika mstari mmoja mwembamba mno, uanzao karibu na tundu ukajiviringisha kuelekea ukingoni, na kwamba mkwaruzo unaoukata mstari huo aghalabu mashine huusamehe, lakini mkwaruzo unaoufuata njiani mwake huangamiza maneno mfululizo!

Jioni ami akaja na wageni. Sidii ikaanza kuzunguka, kwa kasi ya kama duru 500 kwa dakika pale karibu na tundu, kasi ambayo hupungua hadi kama 200 mwali wa leza ufikapo ukingoni. Khutba ilisomwa salama, lakini bwana harusi alipofika penye neno lenyewe, akasema, "Nimeku... nimeku... nimeku...", wala asiendelee. Wageni wakatazamana. Ami akanigeukia kwa upole wa kutisha, akasema:

"Mwanangu, siku ile alikubali mara moja."

Baadaye nikapata habari kwamba Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani walipoibuni sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kipimo cha tundu, kama inavyosimuliwa, kilitwaliwa katika sarafu ya Kiholanzi ya senti 10, ambayo upana wake ulikuwa milimita 15 barabara. Nikatahayari: kumbe pale nilipodhani nimepunjwa, palipimwa kwa fedha taslimu.

Basi, msomaji, ukitaka kuitoa sidii, bonyeza kwanza tunduni. Na ukitaka kuifuta, anzia tunduni uende moja kwa moja hadi ukingoni. Mimi maarifa hayo yamenijia kwa kuchelewa, kwani tangu siku ile ami haniazimi kitu chochote chenye tundu, hata sindano.