Sifa za Printa

Washairi wa pwani yetu wamekwisha kuwasifu masultani, majahazi, farasi na mabibi wenye macho mazuri, na baadhi yao hawakuona haya kuwasifu hata matajiri bakhili kwa tamaa ya kutunukiwa kanzu. Lakini sina habari ya mtu aliyepata kuketi, akachovya kalamu yake, akaifanyia insafu printa, mashine ile ya ofisini ikaayo pembeni karibu na mlango, kifuniko chake kimeshikizwa kwa selotepu, ambayo watu wote huilaani na hakuna hata mmoja awezaye kupitisha siku bila ya kuiendea. Dhuluma hiyo nimekusudia kuiondoa. Mimi nimeitumikia printa sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi, nimeipigia magoti, tena magoti yenyewe hasa, juu ya zulia lenye vumbi, huku nikichungulia tumbo lake kwa mwanga wa simu, na kwa sababu hiyo nadhani nina haki ya kuisifu kuliko fundi anayeitwa kuitengeneza, maana yeye hukutana nayo katika hali yake njema tu: haijapata kusikika kwamba printa imegoma mbele ya fundi.

Fadhila yake iliyo kubwa, ambayo kwa idhini ya msomaji nitaikalia zaidi kuliko zote, ni firasa. Wanadamu wachache sana wamejaaliwa kipawa cha kutambua yaliyomo moyoni mwa mwenzao kwa kumtazama uso. Printa haina hata macho, na bado huijua haraka ya mtu kabla hajafika mlangoni. Ipelekee siku ya Jumanne mchana, wakati watu wamekwisha kula na kikao hakuna, tangazo la kupotea kwa ufunguo wa choo cha ghorofa ya pili, nayo itakutolea tangazo lako kwa mlio mtamu, mistari imenyooka, karatasi ina joto la kupendeza mkononi. Ipelekee, siku ya kikao cha bodi, makabrasha ambayo wajumbe wanayangojea saa nne kamili, nawe umebakiwa na robo saa: itayapokea kwa adabu, itatoa ukurasa wa kwanza ili kukutia moyo, itatoa wa pili, kisha itaguna, itameza karatasi tatu kwa pamoja, na kuwasha ile taa yake ya rangi ya chungwa inayokonyeza bila ya kupumzika.

Jamaa yangu mmoja wa chumba cha uhasibu, mtu mwenye akili nyingi na subira haba, aliwahi kujaribu kuihadaa. Faili lake la mishahara alilibandika jina la ufunguo wa choo, akaenda kwa mwendo wa mtu asiye na shughuli, akasimama njiani kuwajulia watu hali za watoto wao, akafika mbele ya mashine akipiga mluzi. Printa ilimwacha amalize mluzi wake. Ndipo ilipomwandikia katika kioo chake kidogo kwamba karatasi imekwama nyuma ya mlango wa kushoto. Akaufungua mlango wa kushoto, hakukuta kitu. Ikamwambia avute trei ya pili, akaivuta, hakukuta kitu. Ikamwambia ainue kishikio cha kijani, akakiinua, na huko ndani kabisa, kati ya vigurudumu viwili vya mpira, akaiona karatasi yake imejikunja mikunjo myembamba myembamba kama sketi ya mwanafunzi. Aliivuta polepole kama alivyoagizwa. Ilitoka yote isipokuwa kona moja isiyozidi ukucha, na kwa ajili ya kona ile mashine haikufanya kazi mpaka alasiri. Ilipozinduka ilitoa kwa mkupuo mmoja kila kitu ambacho watu wenye haraka walikuwa wameiamuru tangu asubuhi, kila mmoja akiwa amebonyeza tena na tena kwa kudhani kwamba agizo lake la kwanza halikusikiwa, na juu kabisa ya lundo lile, wazi kwa kila apitaye, ikaweka orodha ya mishahara.

Sifa hazitimii bila ya nasaba, na nasaba ya printa ni ya moto. Chester Carlson, aliyekuwa na kazi ya hati za hataza mjini New York na kuchoshwa na kunakili, alipata nakala yake ya kwanza kwa nguvu ya umeme na unga mkavu tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria. Baada ya hapo alibisha hodi kwa kampuni zaidi ya 20, zote zikamrudisha. Mashine iliyozaliwa na juhudi ile, Xerox 914, ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300 na tabia ya kuunguza karatasi, hata kampuni ikaona ni vyema kuambatanisha nayo kizimamoto, ila kwa kuwastahi wanunuzi haikukiita kizimamoto, ilikipa jina la upole, kiondoa mbabuko. Gary Starkweather, mtumishi wa kampuni hiyohiyo, alipofikiri kutia mwanga wa leza katika mashine ya namna ile, wakubwa zake walimzuia, na mpaka alipohamia maabara yao ya Palo Alto mwaka 1971 ndipo alipoachwa afanye. Katika ukoo ambao babu alikuwa akiwaka moto, mjukuu anayewasha taa tu ni muungwana.

Na asiyeamini kwamba kukwama kwa karatasi kuna baraka ndani yake, na azingatie kisa cha Richard Stallman, mtunga programu. Karibu na mwaka 1980 maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na Xerox printa ya leza iliyokuwa hodari wa kukwama, watu wakawa hutuma kazi zao, hungoja, kisha huenda kuzichukua na kukuta mashine imenyamaza zamani. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwape watu habari kila inapokwama, kama alivyoifanya ya printa iliyotangulia, akanyimwa msimbo wa programu. Kinyongo hicho ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, ambao matunda yake yamo leo katika kompyuta zisizohesabika zinazoiendesha intaneti. Sisi wengine karatasi zetu hukwama, tukatukana, tukaenda kunywa chai.

Fadhila zilizosalia nitazitaja kwa kupita. Ina usawa: humgomea mkurugenzi kama imgomeavyo tarishi. Ina uaminifu kwa umeme, maana haukatiki umeme ila nayo imo katikati ya ukurasa. Na ina uwekevu, kwa kuwa haikubali kuchapa barua ya wino mweusi mtupu ikiwa wino wa njano umekwisha. Nilitaka kuusifu uwekevu huu kwa maneno laini, lakini kalamu yanikatalia. Barua ni nyeusi! Haina hata nukta moja ya njano ambayo mwandishi wake ameiomba! Mtu amenunua mashine kwa fedha yake, ameiweka nyumbani kwake, kisha ndani ya katriji mna chipu iliyowekwa kupeleleza kama wino ule ni wa kampuni au ni wa fundi wa mtaani aliyeujaza kwa sindano. Na bei ya katriji mpya hukaribia bei ya printa mpya, hata ukajiuliza ni kipi hasa kati ya viwili hivyo ulichouziwa. Wala nikitaja nukta ambayo mwandishi hakuiomba sineni kwa balagha. Ziko printa za leza za rangi ambazo katika kila ukurasa hudondosha vinukta vya njano visivyoonekana kwa macho matupu, na mwaka 2005 taasisi ya Electronic Frontier Foundation ya Marekani ilifumbua mpangilio wa vinukta vya mashine moja ya Xerox, ikakuta vinaeleza namba ya mashine, tarehe na saa ya kuchapwa. Basi njano hiyo tunayolazimishwa kuinunua yumkini ni posho ya jasusi wetu.

Walakini hayo ni madhambi ya waundaji, na mashine yenyewe ni mtumwa tu. Tena isingaliishi hadi leo kama isingalikuwa na wafuasi. Tangu miaka ya 1970 watu wa Marekani walikuwa wakibashiri ofisi isiyo na karatasi, na kwa upande wetu hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliipa saini ya kielektroniki nguvu yake mbele ya sheria. Printa ilistahili kuwa imekwisha kustaafu, imelipwa kiinua mgongo chake, inapumzika stoo. Kilichoiokoa ni mapenzi ya ofisi zetu kwa kila kitu kinachoweza kugongwa muhuri.

Nilikuwa nahitaji kuhuisha kibali katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kwa sababu ya heshima na kwa sababu kibali bado sijakipata. Tangazo lao lilisema kwa fahari kwamba huduma sasa yapatikana mtandaoni. Nikafungua akaunti, nikajaza fomu, nikalipa kwa namba ya malipo niliyopewa, yote kwa simu, nimeketi barazani kwangu, na nikawa tayari kabisa kuisifu serikali badala ya printa. Ukurasa wa mwisho ukaniamuru niichapishe fomu niliyoijaza, niitie saini, niibandike picha, niiskani, niipandishe tena mtandaoni, kisha ile yenyewe niipeleke kwa mkono pamoja na nakala mbili.

Ndiyo sababu ni nadra kuona lango la ofisi ya umma lisilokuwa na steshenari ng'ambo ya barabara. Niliyoingia mimi ilikuwa na nafasi ya watu wawili wembamba. Namba ya WhatsApp imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, nawe hutuma hati yako hapo, na dada aliyeketi mbele ya kompyuta huita, “Ya nani hii? Yako, baba? Nyeusi au rangi?” Wakati yangu inatafutwa niliona katika kioo chake vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, kitambulisho cha taifa cha mama mmoja, uso wake na namba yake, barua ya talaka, taarifa ya benki, vyote vimelala katika folda moja, vya leo pamoja na vya mwaka jana. Dada yule simlaumu. Hana hata nafasi ya kufuta, watu wamempangia foleni mpaka nje juani. Ila nchi imejitungia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ofisi zake zinaendelea kuwatoa wananchi mbio wakaziache taarifa hizo kibandani, ili zipate kukaa juu ya karatasi.

Karani aliyenipokea alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alizipindua karatasi zangu, akaiinua ile ya juu kwenye mwanga wa dirisha, akasema, “Mzee wangu, hapa umesaini kwa wino mweusi. Tutajuaje kuwa si kopi? Ungetumia bluu.” Nikamwonyesha upande wa nyuma, mahali kalamu ilipochimba. Akakubali kwamba saini ni ya kweli, ila utaratibu ni bluu. Mbele yake kompyuta ilikuwa wazi na fomu yangu imo ndani, ileile, ina jina langu na stakabadhi ya malipo, naye alikuwa akiitazama huku akiniuliza jina langu.

Nikauliza kama nikirudi na saini ya bluu mambo yatakwisha. Akasema yatakwisha, fomu itaingizwa katika mfumo. Nikasema mbona imo katika mfumo. Akasema imo, lakini haijaingizwa.

Hapo ndipo nilipoitambua hadhi ya printa. Yenyewe ikigoma huwasha taa, huandika sababu, japo ya uongo, na hukuonyesha mlango wa kufungua. Kijana wangu alitazama saa ya ukutani, akanitaka radhi kwa adabu zote, akasema nirudi Jumatatu. Jumatatu nilipofika, nimesaini kwa bluu, niliambiwa ameanza likizo, na ufunguo wa kabati la mihuri anao yeye.