Mkono wa Konda

Ukiendesha baiskeli Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, kutoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea mjini, macho yaweke kwenye mkono wa konda. Taa za nyuma za daladala ni mapambo tu. Mkono ukitoka dirishani umenyooka, gari linachomekea. Ukipiga bati, gari linasimama, kituo kiwepo kisiwepo.

Hayo huyakuti kwenye Sheria ya Usalama Barabarani. Hiyo ni ya 1973, na daladala ziliruhusiwa rasmi jijini 1983, kwa hiyo walioiandika walikuwa bado hawajakutana na konda wa daladala.

Hatari zaidi iko kushoto, palepale waendesha baiskeli tunapoambiwa tujibanze. Mlango wa daladala uko huko, na haupigi hodi. Siku moja, karibu na Mtoni kwa Azizi Ali, daladala ilisimama ghafla mbele yangu, mlango ukafunguka, akateremka mama mtu mzima na beseni la dagaa. Nilikamata breki zote mbili. Ya mbele ikatii, ya nyuma ikaomba muda wa kufikiri. Nikajikuta nimekaa chini, kifuani nina dagaa wa kutosha mboga ya mchana na usiku. Malezi hayaondoki mwilini: neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, akikaza khanga yake. "Haya, anza kuokota."

Konda alishagonga bati, "Twende suka!", wakapotea. Nikaokota. Watu wakajaa, kila mmoja na hukumu yake mkononi. Kijana mmoja wa bodaboda, helmeti kaining'iniza kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni, alinihurumia kweli: "Bro, baiskeli kapande Shinyanga. Huku utakufa." Mama naye alikuwa ananikagua vidole, maana dagaa wenye mchanga hakuwataka, na mchanga wa pembeni mwa Barabara ya Kilwa hauishi.

Upande wa pili wa jiji kuna nafuu, angalau kwenye ramani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imepata na njia ya baiskeli. Ipite pale Magomeni jioni uone: muuza mihogo na karai lake la mafuta ya moto, gari ambalo mwenyewe "kaingia hapo mara moja", na bodaboda anayekuja uso kwa uso, anakupigia honi, halafu anakuuliza wewe unakwenda wapi. Lile karai ndilo linaloniogopesha kuliko lori.

Walimu wangu ni wabeba mkaa. Wanaingia mjini alfajiri kutoka njia za Mkuranga na Kisarawe, magunia yamerundikwa kwenye karia mpaka mtu haonekani. Mmoja wao nilimsindikiza kidogo nikamuuliza anawezaje, na nyuma haoni. "Nyuma nasikiliza, mdogo wangu," akasema, bila kugeuka. Lori la mzigo analijua kwa mngurumo, bajaji kwa kelele, na gari dogo linalokuja kwa sauti ndogo ndilo analolipisha kwa kusogelea mtaro. Tangu hapo sivai spika za masikioni, hata mechi ya Simba na Yanga ikiwa inatangazwa.

Kuona na kusikia nimejitahidi. Ikabaki kuonekana, nikanunua kizibao cha reflekta, rangi ya limau, unakiona kutoka Tandika. Kazi kinafanya, ila si ile niliyokilipia. Bodaboda wakiniona kwa mbali helmeti zinatoka kwenye viwiko zinarudi vichwani. Watoto wa shule pale Chang'ombe husimama kwenye zebra wakinisubiri niwasimamishie magari. Na juzi, nimeegemeza baiskeli dukani nanunua maji, gari zuri likapaki pembeni yangu, kioo kikashuka.

"Bosi, nakaa dakika tano tu, usiniandikie."

Nikamwambia zisizidi.