Mbu Ana Faili, Mimi Sina

Nikifa, nichomeni pini mgongoni mnipange kwenye droo na mbawakawa. Huko angalau nitakuwa na kumbukumbu.

Ofisi moja, siitaji, imeniambia faili langu "halionekani". Eti halijapotea, halionekani tu, na karani akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelificha. Nirudi wiki ijayo na barua ya mtendaji, picha mbili za pasipoti, na nakala ya cheti ambacho nakala yake imo ndani ya faili hilohilo.

Sasa mtazame mdudu. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yana wadudu na jamaa zao zaidi ya milioni 30. Mdudu amechomwa pini, chini yake kuna kikaratasi cha kusoma kwa miwani: alikamatwa wapi, lini, na nani. Na yule ambaye jina la aina yake lilitokana naye, wengine wote wakalinganishwa naye, huyo hutunzwa kama mwali.

Majina je? Kwenye cheti cha kuzaliwa mimi ni Ramadhani, kwenye kitambulisho Ramadhan, kwenye bima Ramazani. Watu watatu, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Wadudu wana kanuni: jina lililochapishwa kwanza ndilo linaloshinda, na kuhesabu kunaanzia kitabu cha Mswidi Linnaeus cha 1758. Majina mengine hayatupwi, yanawekwa pembeni, ili ukitafuta kwa lolote umfikie mdudu yuleyule. Hisani hiyo angefanyiwa mlipa kodi!

Mbu wa malaria, Anopheles gambiae, alipewa jina na Giles mwaka 1902. Baadaye ikabainika kumbe ni ukoo mzima wa wanaofanana. Mwaka 2013 kundi moja likapewa jina lake, Anopheles coluzzii, kwa heshima ya Mwitaliano Mario Coluzzi. Kwa macho huwatofautishi, mpaka wapimwe vinasaba. Sikatai kuna faida: ndugu yao arabiensis huuma hata nje, na ng'ombe pia hawaachi, kwa hiyo ukiwachanganya utatundika chandarua ukidhani umemaliza kazi. Lakini jamani, mbu anachunguzwa hadi vinasaba, mimi nimesimama dirishani, nahema, naambiwa nilete uthibitisho kwamba niko hai?

Tena taarifa zao hazifungiwi kabatini. Mtandao wa GBIF, wenye makao Copenhagen tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, umezikusanya kutoka makumbusho na vyuo vya nchi nyingi, na kuzisoma ni bure. Nimetafuta mbawakawa wa Usambara kwa simu, kitandani, wakajitokeza na tarehe zao. Hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani.

Jana karani kapiga simu. Faili limeonekana, ila limeliwa na mchwa.

Nikamuuliza, mchwa wa aina gani?

Akakata.