YAH: UZITO WA TAI YA MGENI RASMI

Ndugu Mtunza Tovuti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi yako nitaisitiri, maana Karagwe na Kyerwa tunajuana.

Kwanza, hongera. Picha ya uzinduzi nimeiona, angalau nusu yake ya juu: mahema, paji la uso la mgeni rasmi, kisha bando likaisha. Jirani aliyevumilia hadi mwisho anasema hata nyuzi za tai zinahesabika. Ni MB 5, nukta 4,000 kwa 3,000, kama ilivyotoka kwenye kamera. Simu nyingi huku Nkwenda na Murongo zina kioo cha upana wa nukta 720. Zinazozidi tunazilipia tu, hatuzioni.

Ungeipunguza hadi 1,280 kwa 960, ingebaki na sehemu moja tu kati ya kumi ya nukta zake. Kisha ihifadhi kwa JPEG, ubora 75 hivi. JPEG huigawa picha katika viraba vya nukta 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogomadogo ambayo jicho halina habari nayo, hasa ya rangi, kwa kuwa jicho hushika mwanga na giza zaidi kuliko rangi. Ingeshuka hadi KB 200 hivi, na mgeni rasmi angebaki na heshima zake zote.

Nasikia uliambiwa PNG ndiyo yenye ubora. Kweli haitupi kitu, ndiyo maana inafaa nembo na ramani. Nembo yenu, kwa bahati, ndiyo mliyoiweka kwa JPEG, tena iliyokwishapita WhatsApp. Kingo zake zina ukungu kama asubuhi ya Kayanga. Kuigeuza sasa iwe PNG hakurudishi kilichotupwa. Mwombeni aliyeichora faili la awali.

Na kama JPEG ya 1992 mnaiona ya kizamani, ipo WebP, ambayo hupunguza robo nyingine hivi. Ilitoka 2010, Kyerwa ikiwa bado haijawa wilaya, kwa hiyo muda wa kuizoea ulikuwepo.

La mwisho ni tangazo la mnada wa kahawa. Limechapwa kwa kompyuta, likagongwa muhuri, likapigwa picha kwa simu likiwa limelala ubavu. MB 3 kwa mistari sita! Maneno yaleyale yakiandikwa kama maneno hayafiki hata KB 2, na anayetafuta bei ya maganda atayasoma bila kupinda shingo. Muhuri tutauamini hata tusipouona.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Nkwenda