Watemi Wawili, Laptopu Moja

Kama uko Kigwa na laptopu yako ya mtumba inafanya kazi vizuri, bila shaka unaona jambo hilo haliwezi kuachwa hivihivi. Iwekee Linux kando ya Windows. Zikiwa mbili, kila moja itapata mwenzake wa kumsingizia.

Anza na faili la kusakinishia. Ubuntu 24.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, inapita GB 5, kwa hiyo nunua bando la usiku, tega simu dirishani, ulale. Asubuhi utakuta asilimia 97 na bando limekata. Panda gari uende Tabora mjini ukamwombe kijana yeyote mwenye flashi. Atakupa na filamu zilizotafsiriwa, pamoja na virusi, vyote bure.

Sasa gawa diski. Punguza eneo la Windows, uiachie Linux kipande. Kutunza nakala ya mafaili ni woga tu: hesabu za tumbaku za chama cha msingi zimekaa humo misimu yote na hazijadhurika. Kazi hii ifanye jioni, wingu limetanda, betri ikiwa ya kushika dakika kumi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usihangaike kutafuta ufunguo mapema. Utaulizwa tarakimu zake 48 muda ukifika.

Windows itangulie, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows itaingia na kujifanya haikukuta mtu.

Ukimaliza, GRUB, menyu ya kuchagua mfumo, itakaa mlangoni na kukuuliza kila ukiwasha: leo tunamfuata nani? Swali hilo katika utemi wa Unyanyembe, huku kwetu Tabora, si geni. Mwaka 1860 wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walimng'oa Mtemi Mnywa Sere, aliyethubutu kuwatoza kodi, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sere hakustaafu. Aliingia porini akaisumbua misafara ya biashara ya huku kwetu mpaka alipouawa mwaka 1865. Ndivyo na Windows: utaiona imetulia kwenye eneo lake, kumbe inangoja sasisho. Agosti 2024 sasisho moja la Microsoft liliwafungia Linux watu wengi wenye mifumo miwili, ingawa kampuni ilikuwa imesema mashine za namna hiyo hazitaguswa. Mkasiwa angeelewa.

Halafu saa. Linux huiweka saa ya mashine kwa majira ya UTC. Windows huisoma kama saa ya hapa. Tofauti ni saa tatu kamili. Ukitoka Linux saa nne asubuhi, Windows itakwambia ni saa moja. Usirekebishe haraka, maana mkulima aliyeahidiwa malipo saa nne utamwonyesha kioo: mzee wangu, mbona bado mapema? Akianza kuja na saa yake ya mkononi, ndipo ufungue Linux uandike timedatectl set-local-rtc 1.

Jihadhari pia na Windows inapodai imezimika. Mara nyingi imesinzia tu na mafaili mkononi, na Linux ikiyafuata itaruhusiwa kuyasoma, si kuyaandika. Zima ile Fast Startup inayoisinzisha. Au usizime, upate la kuzungumza.

Uzuri wote uko kwenye kuwasha. Kwa kawaida GRUB husubiri sekunde kumi, maandishi meupe juu ya giza, na mgeni aliyeketi karibu atauliza hiyo ni nini. Mjibu polepole. Sekunde ya tisa, chagua Windows kama kila siku, maana hesabu za tumbaku ziko kwenye Excel.