Njia ya Baiskeli, Karibuni Wote

Anayetaka kuona ukarimu wa Dar es Salaam apite Barabara ya Morogoro, kwenye njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na miundombinu ya mwendokasi. Mabasi yalianza kazi 2016, na mwaka 2018 jiji likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza barani Afrika. Hongera zetu.

Foleni ikikaza, bodaboda huingia humo, tena kwa honi, maana mwenye baiskeli anamchelewesha. Mama ntilie naye kaweka jiko la mkaa na benchi. Supu ya makongoro inachemka, na wateja wamenyoosha miguu hadi katikati ya njia. Machinga katandaza mitumba. Pembeni kuna gari la bosi, magurudumu mawili juu ya njia, mawili barabarani, taa zinamwekamweka: eti anarudi sasa hivi.

Na mwenye baiskeli? Yuko kule kwenye malori, kabeba trei za mayai hadi shingoni, anakwepa saidimira za daladala. Siku akigongwa, watu watamzunguka na kushangaa: jamani, huyu si alijengewa njia yake?