Mcheza Sinema Hutunzwa

Wanaolinung'unikia jumba la makumbusho la makaoboi la Oklahoma City hawana shukrani. Enzi yenyewe ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas ilidumu miaka 20 hivi; jumba, lililofunguliwa mwaka 1965, limekwisha kuiadhimisha kwa muda mara tatu ya huo. Bidii iliyoje! Na haki imetendeka, kwani waigizaji wana ukumbi wao wa heshima, na John Wayne, ambaye wazazi wake walimwita Marion, yumo. Mbishi atadai kwamba waliokula vumbi hasa ni wengine, na kwamba wanahistoria hukadiria robo yao walikuwa Weusi, mbali na Wameksiko waliowafundisha wenzao kutupa kamba. Sawa, lakini nani aliwakataza kwenda Hollywood? Ng'ombe hana kamera.

Wapo pia wanaowaulizia wenyeji asilia. Watulie, hawajasahauliwa. Sanamu kubwa ya James Earle Fraser, iliyoonyeshwa San Francisco mwaka 1915, inamwonyesha mmoja wao juu ya farasi, yeye na mnyama wote wameinamisha vichwa. Inaitwa "Mwisho wa Njia", nayo imesimamishwa Oklahoma, nchi ambayo mataifa yao yalihamishiwa kwa nguvu miaka ya 1830 kwa ahadi kwamba ni yao daima, mpaka walowezi walipofunguliwa mlango mwaka 1889. Tena imewekwa mahali pa heshima, karibu na lango, ili mgeni asipite bila kuona jinsi walivyochoka.